Nafasi tupu kwenye ramani si nchi bila watu: historia ya kale ya Ituri na hesabu za kompyuta

BAMBU, Ituri – Watafiti wa historia ya kale wanakusanya kwenye kompyuta vipimo vya umri vilivyofanywa katika ardhi ya Afrika ya Kati. Kila mahali palipopimwa panakuwa nukta moja kwenye ramani: hapa kulikutwa mkaa wa jiko la zamani, pale kipande cha chungu, kule kaburi. Kandokando ya mito mikubwa ya Congo nukta zimesongamana. Lakini upande wa kaskazini-mashariki, kuanzia msitu wa Ituri hadi milima inayotazama ziwa Albert, nukta ni za kuhesabu kwa vidole.

Mtu asiyejua kazi hiyo anaweza kutazama ramani na kusema: huko hakukuwa na watu. Neno hilo si kweli. Tena katika jimbo ambamo watu wameuana wakibishana nani alitangulia kufika kwenye kilima fulani, ni neno la hatari. Kwa hiyo inafaa wakaaji wa Bambu, na wahami waliotawanyika Bunia na kwingineko, wafahamu ramani hizo zinatengenezwa namna gani, zinaweza kusema nini, na zinanyamaza wapi.

Miaka elfu moja isiyo na maandishi

Wanahistoria wanaita Zama za Kati kipindi cha kuanzia mwaka 500 hivi hadi mwaka 1500 hivi. Pwani ya Waswahili kipindi hicho kina mashahidi wa kuandika. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na habari za safari yake zinasomwa hadi leo. Kwa Ituri hakuna msafiri wa namna hiyo. Maandishi ya kwanza kuhusu sehemu hizi ni ya karne ya 19, na mengi yaliandikwa na watu waliokuwa wanapita haraka wakitafuta pembe za ndovu, watumwa au njia.

Kwa hiyo historia ya miaka hiyo elfu moja inabaki katika vitu viwili: masimulizi ya wazee, na udongo wenyewe. Masimulizi yanashika vizuri majina, ndoa na safari, lakini yakienda nyuma sana miaka inachanganyika. Udongo haujui jina la mtu, lakini unashika umri.

Mkaa unavyotaja umri wake

Kila kitu chenye uhai, mti au mnyama, kinaingiza mwilini aina ya kaboni inayoitwa kaboni 14. Kikifa, kaboni hiyo inaanza kupungua polepole. Kila baada ya miaka 5,730 hivi, nusu yake inakuwa imekwisha. Willard Libby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba mtu akipima kiasi kilichobaki, anaweza kujua kitu kilikufa zamani gani.

Ndiyo maana kipande kidogo cha mkaa kutoka jiko la kale kina thamani kwa mtafiti kuliko chungu kizuri kisichojulikana kilitoka wapi. Mkaa ukikutwa katika tabaka moja na vipande vya chungu, umri wa mkaa unakuwa umri wa chungu. Baadaye chungu chenye mapambo ya namna ileile kikikutwa kwingine, mtafiti anaanza kukisia umri wake hata kabla ya kupima.

Lakini kipimo kimoja ni kama shahidi mmoja. Kinajibu kwa makadirio, kwa mfano kati ya mwaka 1180 na mwaka 1280, na kinaweza kukosea kama mkaa ulisogezwa na mizizi au na panya. Nguvu inakuja vipimo vikiwa vingi, na hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Vipimo 1,149 katika daftari moja

Kwa miaka mingi vipimo vya Afrika ya Kati vilikuwa vimetawanyika: kimoja katika kitabu cha Kifaransa, kingine katika tasnifu ya Kijerumani, kingine katika barua ya maabara iliyosahauliwa kabatini. Mtafiti Dirk Seidensticker na wenzake waliviweka pamoja katika daftari moja la kompyuta, linaloitwa aDRAC, lililo wazi kwa kila mtu mwenye intaneti.

Mwaka 2021 kundi la watafiti, wakiwamo Seidensticker, Wannes Hubau na Koen Bostoen, lilitangaza katika jarida la Science Advances matokeo ya kusoma daftari hilo lote kwa pamoja. Walitumia vipimo 1,149 kutoka sehemu 726 za msitu wa Congo na pembeni yake, pamoja na mitindo 115 ya vyungu. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kuchimba sehemu 726 katika maisha yake. Ni kazi ya vizazi vya wachimbaji wa kale, na kompyuta imewakalisha pamoja katika kikao kimoja.

Walichokiona kiliwashangaza wengi. Shuleni watoto walifundishwa kwamba Wabantu waliingia msituni zamani, wakaenea, wakaongezeka bila kukoma hadi leo. Hesabu zinaonyesha vingine. Alama za watu zinaongezeka hadi karibu mwaka 400. Halafu kati ya mwaka 400 na mwaka 600 zinashuka sana karibu msitu wote. Kwa karne kadhaa zinabaki chache. Kuanzia mwaka 1000 hivi zinapanda tena, na vyungu vya wakati huo ni vya mitindo mipya. Maana yake ni kwamba wengi kati ya watu wa msitu wa leo wanaweza kuwa watoto wa wale waliorudi kuijaza nchi katika Zama za Kati, si wa wale wa kwanza.

Watafiti hao waliuliza kama ugonjwa mkubwa ndio ulioangusha watu, na wakataja tauni, iliyoua watu wengi sana kandokando ya bahari ya Mediterania kuanzia mwaka 541. Hayo ni makisio yao, hayajathibitishwa kwa mifupa ya Congo. Lakini kwa mtu wa Ituri tauni si hadithi ya mbali: sehemu za Rethy zimekuwa zikiona ugonjwa huo mara kwa mara hadi miaka hii.

Walikufa, au walihama?

Hapa wahami wa Djugu wana jambo la kuwaambia watafiti.

Tangu Desemba 2017 vijiji vingi vya Djugu vimechomwa na kuachwa. Tuseme mtafiti anakuja baada ya miaka 800. Anachimba kilima baada ya kilima, anapima mkaa, anaweka nukta kwenye ramani yake. Ataona nyumba nyingi, majiko mengi, kisha ghafla kimya. Kompyuta yake itachora mstari unaoshuka. Je, ataandika kwamba watu wa Djugu waliisha?

Watu hawakuisha. Wengi waliuawa, ni kweli, na kila familia inajua wake. Lakini wengi zaidi walikimbia na kwenda kukaa kambini, chini ya turubai, wakipikia sufuria moja, wakihamishwa tena na tena. Maisha ya namna hiyo hayaachi alama nyingi ardhini. Turubai halibaki kama ukuta wa udongo, na jiko la mawe matatu la miezi miwili si kama jiko la miaka thelathini. Tena mtafiti asipochimba mahali palipokuwa kambi, hatawaona kabisa.

Kwa hiyo mstari unaposhuka kwenye hesabu za kompyuta, unaweza kuwa na maana tatu: watu walikufa, watu walihama, au watu waliishi kwa namna isiyoacha alama. Watafiti wazuri wanalijua hilo na wanalisema. Ndiyo sababu wanalinganisha vipimo na vyungu, lugha na damu kabla ya kutoa neno. Anayechukua mstari peke yake na kuufanya hukumu anapotosha.

Ramani iliyochorwa na mashua

Kuna sababu nyingine ya nafasi tupu, nayo ni nyepesi: njia za wachimbaji wenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980, Manfred Eggert na kundi lake kutoka Ujerumani walizunguka katikati ya bonde la Congo kwa mashua, wakisimama kwenye vijiji vya kandokando ya mito. Kazi yao ni msingi wa mambo mengi yanayojulikana leo. Lakini mashua haipandi kilima. Nukta zao zinafuata mito kwa sababu wao walifuata mito.

Ituri ilipata bahati kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Francis Van Noten alichimba pango la Matupi, kwenye mlima Hoyo, wilayani Irumu, akakuta alama za watu za makumi ya maelfu ya miaka. Katika miaka ya 1990, Julio Mercader alichimba chini ya miamba ndani ya msitu wa Ituri. Halafu vita vikaja, na watafiti wakaacha kuja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nafasi tupu kwenye ramani ya kaskazini-mashariki ni alama ya vita na ya barabara mbovu. Haisemi lolote kuhusu watu wa mwaka 1200.

Upande wa Bambu kuna jambo jingine tena. Dhahabu ya Ituri ilianza kuchimbwa na Wabelgiji mwaka 1905, na tangu Kilo-Moto ya zamani hadi wachimbaji wadogo wa leo, udongo wa mabonde umepinduliwa na kuoshwa kwa maji. Mahali udongo umeoshwa, matabaka yamekwisha. Vyungu na mikaa ya karne za nyuma imekwenda na mto pamoja na mchanga.

Mtu wa Matangai Turu

Hata hivyo Ituri ina shahidi wake wa Zama za Kati. Mahali panapoitwa Matangai Turu, chini ya mwamba ndani ya msitu, Mercader na wenzake walikuta mifupa ya mtu aliyezikwa yapata miaka 800 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2001. Ni wakati uleule ambao Kilwa ilikuwa inatajirika kwa dhahabu ya kusini, na mtu huyu alizikwa katikati ya zana za mawe za watu wa msituni.

Wakati mifupa ilipochimbwa, hakuna aliyeweza kusoma chembe za urithi ndani yake. Lakini kwa sababu ilitunzwa na kuandikishwa vizuri, zaidi ya miaka ishirini baadaye maabara zilirudi kwayo. Mwaka 2020 mtu huyo alikuwa miongoni mwa watu 20 wa kale, kutoka Kenya, Uganda, Congo na Botswana, ambao urithi wao wa damu ulisomwa na kutangazwa. Leo mwanafunzi wa Nairobi au wa Kinshasa anaweza kulinganisha matokeo hayo na ya wengine bila kugusa mfupa hata mmoja.

Hiyo ndiyo faida ya kuweka mambo katika hazina ya kompyuta: kitu kilichochimbwa mara moja kinaweza kuulizwa maswali mapya na watu ambao hawakuwa wamezaliwa kilipochimbwa. Na hasara yake inaonekana hapohapo: mtu mmoja anasimama kwa ajili ya msitu mzima na karne nzima. Ni shahidi wa thamani, lakini ni mmoja.

Chumvi ya ng'ambo ya ziwa

Shahidi mwingine yuko ng'ambo ya ziwa Albert. Huko Kibiro, upande wa Uganda, wanawake wanatengeneza chumvi kwa kukwangua udongo wenye chumvi, kuuchuja kwa maji, kisha kuchemsha maji hayo. Graham Connah alichimba hapo mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaonyesha kwamba kazi hiyo imeendelea mahali hapo tangu Zama za Kati.

Chumvi haitengenezwi kwa wingi hivyo ili iliwe na kijiji kimoja. Ilitoka kwenda kwa watu wengine wa kandokando ya ziwa. Kusini zaidi, katika nchi ya Uganda, watu wa Ntusi walikuwa wanafuga ng'ombe na kulima nafaka, na huko Bigo walichimba mitaro mirefu ya zaidi ya kilomita kumi. Nchi ya Maziwa Makuu ilikuwa na pilikapilika, na ziwa Albert lilikuwa barabara.

Barabara hiyo haijafa. Mwanzoni mwa 2018 maelfu ya watu wa Djugu walivuka ziwa hilo kwa mitumbwi na kushuka Sebagoro, upande wa Hoima. Mpaka wa kikoloni ulipochorwa juu ya maji ulikata uchunguzi pia: daftari za watafiti wa Uganda ziliandikwa kwa Kiingereza, za Congo kwa Kifaransa, na mara nyingi mmoja hasomi za mwenzake. Kuziunganisha kwenye kompyuta ni kuliunganisha ziwa tena.

Chungu hakina kabila

Swali ambalo wengi wanataka kompyuta ijibu ni lile la nani alifika kwanza. Hapo lazima kusema wazi: haiwezi, na anayedai inaweza anadanganya.

Sababu yake inaonekana Ituri yenyewe. Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu, lugha ya majirani zao. Wambuti na Waefe wa msituni wanasema lugha za jamaa zao wakulima, kama Kibira na Kilese. Mtu anaweza kubadili lugha na kubaki yeye yuleyule. Mwanamke anaolewa kilima kingine na kwenda na namna yake ya kufinyanga, na baada ya vizazi viwili vyungu vya hapo vinafanana na vya kwa mama yake. Kuna mapambo ya kuzungusha kamba juu ya udongo mbichi ambayo yalienea Maziwa Makuu katika Zama za Kati, na yalipita kwa watu wa lugha nyingi. Kipande cha chungu kinaonyesha kwamba mtu alipika hapa wakati fulani. Hakisemi aliomba kwa lugha gani, wala hakimpi mtu hati ya shamba.

Ikiwa hesabu zile za mwaka 2021 ni za kweli, zinafundisha jambo moja zaidi: katika sehemu kubwa ya Congo karibu kila mtu ni mtoto wa waliokuja, wakaondoka, wakarudi. Haki ya kukaa kwa amani katika kijiji chako inatoka kwenye sheria na mapatano ya watu walio hai. Haipimwi kwa kaboni 14.

Nani anashika ufunguo

Vitu vingi vilivyotolewa Congo wakati wa ukoloni viko Tervuren, Ubelgiji, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Februari 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Congo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84,000. Ilikuwa orodha, si vitu vyenyewe. Lakini bila orodha hakuna anayejua adai nini, kwa hiyo ni hatua.

Orodha na daftari za kompyuta zinasaidia kama mtu anaweza kuzifungua. Katika kambi ambamo simu moja inachajiwa kwa zamu na mega zinanunuliwa kwa shida, neno "wazi kwa wote" linakuwa nusu ya ukweli. Na kuwa wazi kuna ubaya wake pia: ukitangaza mahali hasa palipo kaburi la kale katika nchi ya dhahabu, kesho yake kuna watu na sururu. Ndiyo maana hazina nzuri za data zinaficha mahali penyewe na kuonyesha eneo tu.

Yanayoweza kufanywa Bambu

Historia hii haihitaji kusubiri mtafiti kutoka nje. Mtu anayechimba msingi wa nyumba, choo au shimo la dhahabu na kukuta vipande vya chungu, jiwe la kusagia au mavi ya chuma ya wahunzi wa zamani, anaweza kusimama kidogo. Apige picha kitu kikiwa bado ardhini, na kalamu ya Bic pembeni ili ukubwa uonekane. Aandike siku, jina la kilima na kina cha shimo. Asikioshe, asikichukue bila sababu, wala asirushe mahali hapo kwenye WhatsApp. Mwalimu wa historia, mkubwa wa kijiji au chuo kikuu cha Bunia wanaweza kusaidia habari ifike kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa. Kaburi lisiguswe.

Kwa wahami, kazi ni nyingine na haina muda wa kungoja. Wazee walio kambini wanajua majina ya vijiji vilivyohama hata kabla ya vita hivi, mahali pa mahame ya babu zao, miti iliyopandwa kwenye boma la zamani, njia za kwenda ziwani kutafuta chumvi na samaki. Majina hayo ni data sawa na mkaa. Daftari la shule la kurasa 48 na kijana mwenye mwandiko mzuri vinatosha kuanza: jina la mzee kama akikubali, jina la mahali, nani alikaa, waliondoka lini na kwa nini.

Kila mzee anayezikwa mbali na kwao kabla ya kuulizwa anaacha nafasi moja tupu zaidi kwenye ramani. Na nafasi hiyo, hakuna kompyuta itakayoijaza.